Naweza kuwasha injini kidogo bila maji, nigeuze gari tu?

Kidole_Gumba:

Wakuu habari zenu. Naomba msaada, gari iko katikati ya kazi.

Ni gari ya petroli, injini 1500cc, silinda nne, gia za oto. Rejeta ilikuwa inavuja pale tangi la plastiki la juu linapokutana na alumini, ukiangalia unaona ukoko wa kijani uliofifia umeganda pembeni. Nimeshapata rejeta nyingine. Pampu ya maji nayo nikaona niibadilishe humo humo, maana ilishaanza kutoa jasho kwenye kile kitundu chake cha chini. Jana jioni nikafungua bomba la chini la rejeta, maji yote nikayakinga kwenye beseni, nikatoa feni, nikatoa rejeta. Mpaka hapo safi.

Tatizo ni nafasi. Gari niliiingiza kichwa mbele, na upande wenye pampu ndio uliogusana na ukuta. Pampu inazungushwa na feni beliti, siyo ya taiming. Kati ya gurudumu na ukuta mkono unapita, spana inapita, ila mkono ukiwa na spana haupiti. Nikiirudisha nyuma mita kumi hivi, nikaigeuza, nikaiingiza kinyumenyume, kazi yote naifanya nimekaa kwenye kigoda.

Swali langu: naweza kuiwasha bila tone la maji, nikaigeuza, nikaizima? Nakadiria dakika moja, ikizidi sana moja na nusu. Injini imelala usiku kucha, baridi kabisa.

La pili. Jamaa yangu anasema hata nisipoigeuza niiwashe tu nikanyage mafuta kidogo, eti maji machafu yaliyobaki ndani ya bloki yatarushwa nje. Lina ukweli hilo?

NatiNyekundu:

USITHUBUTU. Injini bila maji inanoki palepale. Hedi (kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloki) inapinda, gasketi inaungua, unaanza kutafuta injini nyingine. Sukuma hiyo gari.

Pole_Pole:

Acheni kutishana. Mimi kila nikibadilisha rejeta nawasha bila maji na haijawahi kutokea kitu. Washa, geuza, zima, endelea na kazi.

Kidole_Gumba:

Sasa mmoja "usithubutu", mwingine "washa". Nimsikilize nani?

Mama_Spana:

Kidole, usimsikilize yeyote kwanza, na usiguse ufunguo. Umesema gari ni oto na rejeta umeshaitoa. Sehemu ya chini ya hiyo rejeta kulikuwa na mabomba mawili ya mpira, membamba kuliko yale ya maji, yamebanwa na vibanio. Umeyafanyaje? Kaangalie urudi.

Wakati unaangalia niwaamue hawa wawili.

Nati, hainoki palepale. Tupige hesabu. Injini ya 1500cc ikinguruma tu bila kukanyagwa inakula petroli kama lita 0.8 kwa saa. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 za nishati. Hapo una kama kilowati 7. Takriban theluthi moja yake inaingia kwenye kuta za silinda na kwenye hedi, na hiyo ndiyo maji yamewekwa yaibebe. Theluthi nyingine inatoka na moshi, na inayobaki inaishia kwenye kuizungusha injini yenyewe. Kwa hiyo joto tunalogombania ni la kilowati 2 na nusu hivi, sawasawa na birika kubwa la umeme. Sasa hilo birika moja linapasha chuma na alumini ya kilo 100. Itapanda kama nyuzi 2 kwa dakika. Haya, tuseme mimi ni mkali, joto lote nalimwaga kwenye hedi peke yake, alumini ya kilo 15 hivi. Hapo ni nyuzi 10 kwa dakika. Na kwa sababu injini baridi huanza na mzunguko wa juu na kumwaga petroli zaidi, zidisha mara mbili. Ukianzia nyuzi 25, baada ya dakika moja uko kama nusu tu ya joto lake la kawaida la kazi ambalo ni 90 hivi.

Ndiyo maana Pole_Pole hajawahi kuona kitu. Lakini Pole_Pole, wewe unawapa watu ujasiri wa kitu usichokieleza. Joto haligawanyiki sawa ndani ya hedi. Pale kwenye kidaraja chembamba kati ya vali mbili za ekzosi, na kuzunguka tundu la plagi, kunapata moto mapema sana kabla sehemu nyingine hazijajua kinachoendelea. Halafu hiyo hesabu ni ya injini baridi isiyokanyagwa. Mtu anayetoa gari sehemu finyu anakanyaga, anakwama kwenye kizingiti, anarudi mbele, anashuka kuangalia kioo cha pembeni huku injini inanguruma, anaitwa na mtu. Dakika yake moja inakuwa tano na yeye atakuapia ilikuwa moja.

Na kuna pampu, ambayo watu huisahau. Sili ya pampu ya maji ni nyuso mbili zinazosuguana, moja ya kaboni na nyingine ya seramiki, springi inazibana. Kati yake kunakaa utando mwembamba wa maji, ndio unaozilainisha na kuzipoza. Sekunde chache, unyevu uliobaki unatosha. Dakika kadhaa kavu, nyuso zinachubuka, na pampu iliyokuwa nzima inaanza kulia kama jogoo. Kidole, wewe pampu unaitupa, haikuhusu. Ila mwenye pampu nzima anayelazimika kuwasha bila maji, na pampu yake inazungushwa na feni beliti, atoe beliti. Altaneta haitachaji na usukani wa pampu utakuwa mzito, basi, kwa sekunde hizo hakuna hasara. Ya taiming haina ujanja huo.

Hilo la jamaa yako la kurusha maji nje ni hapana. Ile pampu ni kipangaboi tu, inasukuma maji ikiwa imejaa maji. Ikishaingia hewa inakoroga hewa. Maji yaliyobaki yamekaa chini kwenye bloki na hayatapanda kwa sababu umekanyaga mafuta. Bloki nyingi zina bolti ya kumwagia ubavuni, mara nyingi imejificha nyuma ya ekzosi. Fungua hiyo, simama pembeni, utashangaa kiasi kitakachotoka. Ikiwa imegoma kufunguka usiilazimishe mpaka ikatike kichwa. Toa themostati (ile vali inayofungua njia ya maji injini ikipata moto), pitisha maji safi kwa mpira kutoka juu mpaka yanayotoka chini yawe meupe.

Haya, mabomba?

Kidole_Gumba:

Nimerudi. Kweli yapo mawili. Moja nililichomeka kitambaa, lingine linaning'inia. Chini kuna dimbwi la oili nyekundu ukubwa wa sahani, nilidhani ni ya usukani.

Mama_Spana:

Hiyo ni oili ya giaboksi. Sasa jibu langu ni usiwashe hata kwa sekunde tano, na maji hayahusiki kabisa.

Gari nyingi za oto hupozea oili ya gia ndani ya rejeta. Kwenye lile tangi la chini au la pembeni kuna kibomba kinachopita ndani ya maji, oili inaingia upande mmoja na kutokea mwingine. Pampu inayoisukuma iko mbele ya giaboksi, imeshikana na kigeuza nguvu kinachozungushwa moja kwa moja na injini. Maana yake injini ikizunguka, pampu hiyo inazunguka, uwe P (ya kuegesha), uwe N (gia huru), uwe umelala. Kipimo ambacho mafundi wa giaboksi hutumia kujua kama njia haijaziba ni lita moja hivi kwa sekunde 20, injini ikinguruma tu. Wewe ulitaka dakika na nusu. Ungemwaga zaidi ya lita nne sakafuni, na giaboksi nyingi ukizimwaga kupitia bolti ya chini zinatoa lita tatu mpaka nne na kidogo. Kabla ya hapo presha ingeshakufa, klachi za ndani zingeanza kuteleza na kujichoma, wewe ukidhani gari inakosa nguvu ndiyo ukanyage zaidi. Na kama bomba linaloning'inia limeelekea kwenye ekzosi, ni habari ya moto hiyo, siyo ya ufundi tena.

Kwa hiyo NatiNyekundu alitoa sababu isiyo sahihi lakini ushauri wake ndio sahihi. Sukuma.

Wapo wanaounganisha yale mabomba mawili kwa kipande cha mpira unaohimili oili, oili ikatoka huku ikarudi kule. Kwa mita kumi inakubalika na nimewahi kufanya kwa gari iliyokuwa kwenye mteremko mbaya. Wewe uko sehemu tambarare, sioni sababu.

Jinsi ya kusukuma oto: ufunguo uwe ON ili usukani usijifunge, kanyaga breki, weka N. Ikiwa betri umeichomoa na lever haitoki P, tafuta kitundu kidogo karibu na lever, aghalabu kimefunikwa na kifuniko cha plastiki. Chomeka bisibisi ndogo, bonyeza, vuta lever. Injini ikiwa imezimwa breki inakubali kwa wepesi mara mbili tatu tu, baada ya hapo inakuwa ngumu kama mti na itabidi ukanyage kwa mguu mzima. Aliyeko kwenye usukani ajue hilo kabla gari haijaanza kutembea. Usukani nao mzito, geuzeni huku magurudumu yanazunguka, siyo yamesimama. Wasukumaji wakae nyuma, asiwepo mtu wa kuizuia kwa mbele. Jiwe la kuzuia gurudumu awe nalo mtu mkononi.

Yazibe yale mabomba vizuri, siyo kwa kitambaa. Kitambaa kinaacha nyuzi, nyuzi zinakwenda kwenye vali za giaboksi. Bolti safi yenye unene wa kubana na kibanio juu yake vinatosha. Na ile kulanti ya kwenye beseni uifunike au uitie kwenye dumu leo hii. Ina ladha tamu na ni sumu, mbwa na paka wanaifuata wenyewe, mtoto vilevile.

Safari_Ndefu:

Mama Spana shikamoo. Mimi nina swali la jirani. Huyu gari yake iko ndani na baridi. Je, nikiwa njiani, mpira wa maji ukapasuka, gereji naiona pale mbele kilomita mbili tatu, nisogee nayo taratibu huku naangalia mshale wa joto? Si nikiuona unapanda nasimama?

Mama_Spana:

Marahaba. Swali lako ndilo hasa linaloleta hedi mezani kwangu.

Mshale wako unaonyesha joto la maji. Hauonyeshi joto la injini. Kile kisensa ni kijichuma kidogo kimechomekwa kwenye njia ya maji, kichwa chake kikae ndani ya maji. Maji yakiisha kinabaki kinaning'inia kwenye mvuke na hewa, na hewa haipitishi joto kama maji. Kwa hiyo mshale utapanda maji yanapochemka, halafu yakishatoka unaweza kushuka. Unashuka wakati hedi inazidi kuiva.

Aliletwa mteja kwa kamba, mpira wa juu umechanika urefu wa kidole. Anasimulia kwa furaha kabisa kwamba mshale ulipanda, akapunguza mwendo, ukashuka wenyewe mpaka karibu na C, yaani baridi, akashukuru, akaendelea. Nikafungua boneti: harufu ya rangi iliyoungua, kifuniko cha plastiki cha themostati kimelegea na kukaa upande, plastiki ya juu ya plagi imekuwa na rangi ya kahawia. Hedi nilipoitoa nikailaza, nikaweka rula ya chuma iliyonyooka kutoka kona hadi kona, nikapitisha fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Kati ya silinda ya pili na ya tatu ikapita ya milimita 0.30 bila kusukumwa. Injini ile kiwandani wanaruhusu 0.05. Alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloki. Hedi inataka kurefuka, bolti zimeishika, haina pa kwenda ila kuumuka katikati. Ikipoa hairudi.

Na hesabu ya barabarani siyo ile ya Kidole. Kwa kilomita 80 kwa saa gari ya saizi hiyo inakula kama lita 5 kwa saa. Joto linalotafuta njia ya kutokea ni kilowati 15 hivi. Injini nzima inapanda zaidi ya nyuzi 10 kwa dakika, hedi ikibeba peke yake ni 60 na kitu, na ukweli uko katikati hapo. Tena unaanzia 90, huanzii 25. Kilomita tatu kwa mwendo huo ni zaidi ya dakika mbili. Ukisema utakwenda polepole, joto la kila dakika linapungua lakini dakika zinaongezeka.

Dalili ya mapema kuliko mshale ni hita. Ukiiwasha ikapuliza ubaridi wakati injini imeshapata moto, maji yameshuka, hayafiki huko tena. Kwa sababu hiyo hiyo, ule ushauri wa kufungua hita hadi mwisho ili kupooza injini unafanya kazi pale tu maji yapo na yanazunguka. Gari imekwama foleni, feni haizunguki, sawa. Mpira umepasuka? Hita haina cha kupooza.

Kwa hiyo simama pembeni, zima. Usizime halafu ukawasha kila baada ya dakika kuona kama imepoa. Mfuniko wa rejeta usiufungue, mfumo ule uko kwenye presha ya karibu bari 1 na ndani yake kuna maji ya zaidi ya nyuzi 100 ambayo bado hayajachemka. Ukiondoa presha yanachemka yote kwa mara moja, usoni mwako. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa kiganja bila kuuachia, na ukiufinya uwe laini. Hapo ndipo unaongeza maji, kidogo kidogo. Maji baridi kwenye hedi yenye moto huipasua, na hedi iliyopasuka haina dawa ya mashine kama iliyopinda. Maji matupu ya dharura ni ruksa kabisa, yakufikishe tu, kisha umwage uweke kulanti.

Pole_Pole:

Maji matupu mimi natumia mwaka mzima na gari inatembea.

Mama_Spana:

Inatembea ndiyo. Fungua mfuniko uchovye kidole uniambie rangi.

Pole_Pole:

Kahawia 😂

Mama_Spana:

Hiyo ni kutu ya bloki yako. Kazi kubwa ya kulanti, kwa wasioona barafu, ni kuzuia hiyo. Na nusu kwa nusu na maji inachemka kwenye nyuzi 106 hivi bila presha, maji matupu ni 100.

Mjukuu_wa_Kobe:

Mbona Volkswagen Beetle haina maji kabisa na zimetembea miaka na miaka? Ya mwisho imetoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Na nimesoma kuna Cadillac zinaendeshwa bila maji. Kwa hiyo kitu kinawezekana.

Mama_Spana:

Beetle haina maji, lakini ina kipoozi. Silinda zake zina mapezi ya chuma nje, ina kipoza oili, na ina feni kubwa inayosukuma hewa ndani ya mabati yaliyotengenezwa iguse kila pezi. Hiyo feni imekaa kwenye mhimili wa dainamo na inazungushwa na beliti. Beliti ikikatika, dereva wa Beetle yuko kwenye shida ileile ya Safari_Ndefu, na anayeijua gari yake anasimama palepale taa nyekundu ya chaji ikiwaka. Injini ya maji haina hata pezi moja, silinda zake zimefichwa ndani ya koti ambalo likikauka linahifadhi joto.

Cadillac unayoisema ni zile za Northstar V8, zilianza na modeli za 1993. Kompyuta ikiona joto limepita kiasi inakata petroli kwenye nusu ya silinda, hizo zinabaki kuvuta hewa na kuitoa, hewa inazipoza, halafu zinabadilishana zamu na zile zinazowaka. Nguvu inabaki kidogo, lakini unafika. Ford nao waliweka mpango wa namna hiyo kwenye baadhi ya injini zao. Gari ya Kidole haina, na ukinunua gari usidhani inayo mpaka kijitabu chake kiseme.

Kidole_Gumba:

Mrejesho. Tulikuwa watatu, mmoja usukani, wawili nyuma. Lever iligoma kutoka P, nikatumia kile kitundu. Imegeuka, pampu imeingia, rejeta imeingia, mabomba ya gia yamerudi na vibanio vipya. Nimejaza kulanti mpaka mdomoni, nikawasha. Sasa mshale uko katikati lakini hita inapuliza ubaridi, na mpira wa chini wa rejeta haujapata moto hata kidogo. Nimezima nikiogopa.

Mama_Spana:

Umefanya vyema kuzima. Hewa hiyo, imekaa juu ya hedi au kwenye rejeta ndogo ya hita. Acha ipoe kabisa, fungua mfuniko, utakuta imeshuka, jaza. Pandisha pua ya gari juu kuliko mkia ikiwezekana, ili mdomo wa rejeta uwe ndio sehemu ya juu kuliko zote. Angalia karibu na themostati au kwenye bomba la hita kama kuna kijibolti cha kutolea hewa; kilegeze unapojaza, kikianza kutoa maji bila mapovu kikaze. Hita weka kwenye moto mwisho, feni ya ndani kasi ya chini. Washa mfuniko ukiwa wazi ungali baridi, ufinyefinye mpira wa juu kwa mkono. Mapovu yatatoka, kiwango kitashuka ghafla themostati ikifunguka, jaza tena. Mpira wa chini ukipata moto na hita ikipuliza moto, funga mfuniko, subiri feni ya rejeta iwake na kuzima.

Mapovu yakiwa hayaishi, yanakuja mfululizo na yanaongezeka ukikanyaga, hiyo siyo hewa ya kujazia, ni moshi wa silinda unapita kwenye gasketi ya hedi. Kwako sitarajii, hukuwahi kuichemsha.

Kidole_Gumba:

Mapovu yametoka kama dakika kumi yakaisha. Hita inachoma sasa, feni imewaka ikazima. Nimeongeza karibu lita moja na nusu. Oili ya gia iliyomwagika naipimaje? Kijiti ninacho.

Mama_Spana:

Tembea nayo kidogo ipate moto, isimamishe pa tambarare, injini ikinguruma. Kanyaga breki, pitisha lever kwenye kila gia kwa sekunde mbili tatu, rudisha P. Chomoa kijiti, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena usome upande ulioandikwa HOT. Ikiwa chini ya alama ongeza kidogo sana kwa mrija, aina ileile iliyoandikwa kwenye kijiti au kijitabu, upime upya. Kumwaga ziada ni kazi kuliko kuongeza. Gari yako ikiwa Honda, tangu mwanzo soma kijitabu, wao wengi hupima injini ikiwa imezimwa ndani ya muda mfupi baada ya kuzima. Na mabomba yale mawili uyapapase kesho asubuhi uone kama ni makavu.